Kuyeyuka na Kutawanyika: Historia Fupi ya Utando Mwembamba

Katika Kiswahili twasema kuwa chumvi huyeyuka majini, na twasema kuwa watu hutawanyika sokoni jua lichwapo. Maneno haya mawili, kuyeyuka na kutawanyika, hayana ugomvi katika mazungumzo ya kila siku, na mtu aweza kuishi miaka sabini bila ya haja ya kuyapambanua. Walakini katika elimu ya chembe ndogo mno, asiyeyapambanua hupotea njia tangu hatua ya kwanza. Insha hii yakusudia kueleza, kwa njia ya historia, jinsi wataalamu walivyofikia kuyatenga mambo haya mawili, na hasara impatayo mtu ayachanganyapo.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni jambo dogo. Kijana mmoja, mwanafunzi wa kemia wa shahada ya pili, alinijia na muhtasari wa tasnifu yake akitaka nimsahihishie Kiswahili chake. Alikuwa ameandika kuwa aliyeyusha unga wa oksaidi ya titani katika maji, akadondosha maji yale juu ya kioo, akakizungusha kioo mara 2,000 kwa dakika, akapata utando. Nikamwuliza, “Je, unga huo ulitoweka majini kama chumvi itowekavyo?” Akanyamaza, kisha akacheka cheko la mtu aliyeguswa kidonda. “La, Mwalimu,” akasema, “ungalitoweka ningalikwisha maliza kazi zamani.” Akanitolea bahasha yenye vipande vya vioo. Vilikuwa na mabaka meupe, na punje zionekanazo kwa macho, na kila punje ilikuwa na mstari mrefu nyuma yake kama nyota yenye mkia. Miezi minne ilikuwa imekwenda hivyo, na fedha za ufadhili wake zilibakiza wiki sita. Lawama zote alizitupia mashine ya kuzungushia.

Mimi si mkemia. Lakini neno lile “aliyeyusha” lilinitia shaka, nikaanza kusoma. Niliyoyasoma yalinionyesha kuwa kijana yule hakukosea Kiswahili peke yake. Kosa la neno na kosa la kazi yalikuwa kosa moja.

Kwanza yafaa tufahamu vipimo vya mambo tunayoyasimulia. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita kati ya 50,000 na 100,000. Utando aliokuwa akiutafuta kijana yule ulitakiwa kuwa na unene wa nanomita 100 hivi, na chembe za unga wake zilikuwa za nanomita 20 na kitu kila moja. Basi chembe zikikaa mbalimbali, tano zaweza kupangana moja juu ya moja na utando ukawa sawasawa. Lakini zikishikana zikafanya donge la nanomita 1,000, donge hilo ni sawa na jabali lililosimama katika maji ambayo kina chake ni sehemu moja ya kumi tu ya urefu wake. Maji yazungushwapo yakakimbilia ukingoni, hugonga jabali hilo na kugawanyika, na nyuma yake hubaki ule mkia.

Tena yatupasa kukumbuka kuwa unga huu hauyeyuki. Chumvi itiwapo majini huachana ioni kwa ioni, na hakuna punje ibakiayo. Oksaidi ya titani hubaki punje hata ingesagwa namna gani. Kitu pekee tuwezacho kufanya ni kuzitenga punje zake na kuzizuia zisirudiane. Hiyo ndiyo maana ya kutawanya. Jambo hili mpishi wa uji alijua kabla ya sisi wenye vitabu: ukimimina unga mkavu katika maji yachemkayo hupata madonge, na nje ya donge hulowa ilhali ndani bado ni pakavu. Kwa hiyo hukoroga unga kwanza katika maji baridi, ukaachana, kisha ndipo autie chunguni.

Katika historia, mafundi wa kwanza wa kutawanya walikuwa watengenezaji wa wino. Masizi ya taa yakitiwa katika maji matupu hukusanyika yakazama. Wamisri wa kale waliyachanganya na gundi ya miti ya jamii ya mgunga, na Wachina waliyachanganya na gundi itokayo katika ngozi na mifupa ya wanyama. Masizi yaliyovikwa gundi hayashikani upesi, na wino hukaa siku nyingi ukiwa wino. Fundi hakujua sababu yake, lakini mkono wake ulijua kipimo, na kwa mkono huo zimetufikia maandishi ya maelfu ya miaka. Ni jambo la kutiliwa maanani kuwa ujuzi huu wa kazi uliitangulia elimu ya sababu zake kwa muda mrefu kiasi hicho.

Elimu ya sababu ilianza kuchomoza mwaka 1857, katika London, kwa mikono ya Michael Faraday. Mwingereza huyu alichukua chumvi ya dhahabu iliyoyeyuka majini akaitia fosforasi, na maji yakageuka kuwa mekundu kama yakuti. Kwa macho matupu yalikuwa safi, na mtu yeyote angesema kuwa dhahabu imeyeyuka. Faraday hakuridhika. Alipitisha mwali wa nuru ndani ya chupa, akaona njia ya nuru ile iking'aa kama mwali wa jua upitao katika chumba chenye vumbi. Katika maji ya chumvi safi njia hiyo haionekani. Akakata shauri kuwa dhahabu yake haikuyeyuka. Ilikuwa imetawanyika, chembe kwa chembe, ndogo kiasi cha kutoonekana. Kisha akafanya jaribio la pili. Aliongeza chumvi kidogo katika maji yale mekundu, yakageuka kuwa ya samawati, na dhahabu ikaanza kuzama. Lakini alipotangulia kutia ute wa gundi, chumvi haikuweza kuyaharibu upesi. Siri ya fundi wa wino ilikuwa imeingia katika maabara. Baadhi ya chupa za Faraday zimehifadhiwa hata leo katika Royal Institution, na wekundu wake ungali waonekana.

Miaka minne baadaye, mwaka 1861, Mskoti Thomas Graham alivipa vitu vya namna hii jina. Aliona kuwa vitu vingine hupenya katika karatasi ya ngozi na vingine havipenyi, na vile visivyopenya akaviita koloidi, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gundi. Jina lilikuwa zuri, lakini lilibeba kosa: Graham alidhani kuwa koloidi ni jamii ya vitu, kana kwamba vitu vingine vimezaliwa koloidi na vingine havikuzaliwa hivyo. Waliomfuata walionyesha kuwa koloidi ni hali tu. Dhahabu, masizi, udongo, na oksaidi ya titani vyaweza kuingia katika hali hiyo vikisagwa na kutawanywa vya kutosha. Hapa twaona kwa mara ya kwanza katika habari hizi jinsi jina linavyoweza kumwongoza mtaalamu na kumpoteza papo hapo.

Lililobaki ni kujua kwa nini chumvi huzikusanya chembe. Mfano wake twauona katika pwani yetu wenyewe. Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini ya Malindi, huleta udongo mwekundu kutoka bara. Ndani ya mto, vumbi jembamba la udongo husafiri mwendo mrefu bila ya kuzama. Likikutana na maji ya chumvi hushikana, likawa zito, likashuka. Kadhalika mtu atiaye kipande cha shabu katika maji ya tope huona tope likijikusanya na kukaa chini ya mtungi. Mwaka 1882 Hans Schulze alipima jambo hili kwa makini, akakuta kuwa nguvu ya chumvi ya kukusanya chembe hutegemea zaidi hesabu ya chaji za ioni yake. Ioni yenye chaji mbili hushinda kwa mbali ile yenye chaji moja, na yenye chaji tatu huzishinda zote. Alumini iliyomo ndani ya shabu ina chaji tatu, na zaidi ya hayo hufanya majini ute unaoyanasa matope.

Mwaka 1900 William Bate Hardy wa Cambridge alifunga fundo lililobaki. Alichukua chembe za ute wa yai akaziweka katika mkondo wa umeme. Katika maji yenye asidi zilikwenda upande mmoja, na katika maji yenye alkali zilikwenda upande wa pili. Katikati pana mahali ambapo hazikwenda kokote, na hapo hapo ndipo zilipokusanyika zikaharibika. Maana yake ni kuwa chembe hukaa mbalimbali kwa sababu zina chaji za namna moja, nazo husukumana. Ukiiondoa chaji, umeondoa ukuta ulio baina yao. Kila oksaidi ina mahali pake pa katikati: silika ni karibu na pH 2 au 3, titani ni karibu na 6, alumini na zinki ni karibu na 9. Msomaji na auangalie ule mkabala wa 6 kwa upande wa titani, kwa kuwa tutaurudia.

Mwaka mmoja baada ya Hardy, Richard Zsigmondy alianza kupima gundi mbalimbali kwa uwezo wake wa kuilinda dhahabu iliyotawanywa isiharibiwe na chumvi. Alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1925 kwa kazi zake juu ya koloidi. Lakini hesabu kamili ya mvutano na msukumano ilingoja vita vya pili vya dunia. Katika Moscow, Boris Derjaguin na Lev Landau waliitoa mwaka 1941. Katika Eindhoven, Uholanzi, Evert Verwey na Theodoor Overbeek waliifikia hesabu hiyo hiyo kwa njia yao, wakaitoa katika kitabu mwaka 1948. Vita vilikuwa vimeikata njia baina yao.

Yafaa kujua kuwa Waholanzi wale hawakuanza kwa kutafuta hekima tupu. Walikuwa katika maabara ya kampuni ya Philips, ambako Verwey na mwenzake Hugo Hamaker walikuwa wakishughulika na namna ya kulaza unga wa oksaidi, uliotawanywa katika maji ya namna mbalimbali, juu ya nyaya za taa za redio. Hamaker alikuwa amekwisha kokotoa, mwaka 1937, jinsi punje mbili za mviringo zinavyovutana zikikaribiana. Kwa hiyo haja ya utando mzuri wa oksaidi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoizaa nadharia, na nadharia ikarudi kuutumikia utando. Maneno yake kwa ufupi ni haya: chembe zote huvutana siku zote, na mvuto huwa mkubwa mno zinapogusana; chaji zao huzisukuma mbali; chumvi hulifunika joho la chaji na kulifanya jembamba. Wahenga walisema kuwa umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu. Katika chombo cha mtengeneza utando mambo ni kinyume: umoja wa chembe ndio udhaifu wake.

Sasa na tuitazame mashine iliyolaumiwa. Kutandaza rangi kwa kuzungusha kulielezwa na Walker na Thompson huko Marekani mwaka 1922, walipokuwa wakichunguza tabia za rangi za kupaka. Mwaka 1958 Emslie, Bonner na Peck walitoa hesabu ya maji mazito yaliyo juu ya sahani izungukayo. Walionyesha jambo la ajabu: maji yakimwagwa bila ya usawa, mzunguko wenyewe huyasawazisha, kwa kuwa palipo na kina kirefu hukimbia upesi kuliko palipo na kina kifupi. Mwaka 1978 Meyerhofer, wa maabara za RCA, aliongeza habari ya kukauka: mwanzoni maji hukimbia, baadaye huwa mazito yasikimbie tena, na kilichobaki hukonda kwa kukauka tu. Kutokana na hayo mafundi hushika kanuni kuwa ukizidisha kasi mara nne, unene wa utando hupungua kuwa karibu na nusu.

Tuangalie vema, basi, mashine inaahidi nini. Inaahidi kusawazisha maji. Haiahidi kuvunja donge. Hesabu ya mwaka 1958 yahusu maji ambayo ni mamoja kila mahali, na mwenye kumimina maji yenye madonge ametoka nje ya hesabu hiyo kabla ya kubonyeza kitufe. Mashine huutawanya umajimaji juu ya kioo. Haizitawanyi chembe ndani ya umajimaji. Hizo ni kazi mbili, nazo zimepewa neno moja katika vinywa vya watu wengi.

Hapa historia yatuonyesha njia mbili za kupata chembe hizo. Ya kwanza ni ya moto. Mapema katika miaka ya 1940 kampuni ya Degussa ya Ujerumani ilianza kutengeneza unga mwembamba wa silika kwa kuunguza mvuke katika ndimi za moto, na baadaye ikatengeneza oksaidi ya titani kwa njia hiyo hiyo. Unga huo ni mwembamba sana na hupatikana kwa magunia, lakini ndani ya moto baadhi ya chembe huungana kama vyuma vilivyochomelewa. Mawimbi ya sauti kali yaliyozoeleka katika maabara yaweza kuvunja madonge yaliyoshikana kwa mguso tu. Yale yaliyochomelewa kwa shingo ngumu hayaachani. Njia ya pili ni ya maji. Mfaransa Jacques-Joseph Ebelmen alionyesha mwaka 1846 kuwa umajimaji wenye silika ukiachwa katika hewa yenye unyevu hugeuka pole pole kuwa kioo. Mwaka 1939, katika Jena, Wilhelm Geffcken na Edwin Berger waliomba hati ya haki juu ya kuvika vioo tando za oksaidi kwa njia ya namna hiyo. Katika njia hii chembe huzaliwa majini na hazikaushwi hata siku ya kulazwa kiooni. Zisizokauka pamoja hazina haja ya kutenganishwa.

Faida ya uvumilivu huu ilidhihirika mwaka 1991, Brian O'Regan na Michael Grätzel walipotangaza, kutoka Lausanne, seli ya jua iliyofanywa kwa utando wa oksaidi ya titani wenye unene wa mikromita 10, wa chembe za nanomita chache zilizotengenezwa majini na kuvikwa rangi. Iligeuza kuwa umeme asilimia 7 na ushei ya nuru ya jua. Mwaka 2012 Henry Snaith na wenzake wa Oxford walitandaza kwa kuzungusha utando wa chembe za oksaidi ya alumini, wakaujaza kitu kingine kinywacho nuru, wakapata asilimia 10.9. Ni rahisi kusifu asilimia hizi. Lakini mwenye kusoma kwa makini ataona kuwa nyuma yake yuko mtu aliyekaa na chupa, akangoja, akapima asidi, akatazama kama maji yake yametulia au yamezamisha tope.

Jambo hili latuhusu sisi zaidi ya kuwa habari njema za wageni. Toka mwaka 2013 hata mwisho wa mwaka 2024, mchanga mzito wa Kwale, kusini ya Mombasa, ulichimbwa kwa ajili ya madini ya titani, nayo yakapelekwa ng'ambo. Kutoka katika madini ya namna hiyo ndiko hutengenezwa unga mweupe urudio kwetu katika makopo ya rangi na vichupa vya maabara. Mchanga tulikuwa nao. Elimu ya kuufanya utando haimo katika mchanga, nayo haitakuwa yetu maadamu twaisimulia kwa maneno yanayofunika maana yake.

Kijana yule aliporudi nilimweleza niliyoyasoma, nikamwomba msamaha kwa kuingia shamba lisilo langu. Alisikiliza mpaka nilipofika kwa Hardy na mahali pa katikati. Hapo akainua mkono. Maji yake, akasema, yalikuwa maji safi yaliyokenekwa, na aliwahi kuyapima baada ya kutia unga: yalikuwa na pH ya karibu 6. Siku zote nne-nne za juma, kwa miezi minne, alikuwa akiziweka chembe zake mahali pale pale zisipokuwa na sababu yoyote ya kuachana. Hakuliona kwa kuwa alidhani anayeyusha, na ayeyushaye haulizi chembe zina chaji gani.

Yaliyofuata aliyafanya yeye na msimamizi wake. Alitia asidi ya nitriki kidogo kidogo mpaka pH ikashuka ikawa chini ya 3, akapitisha mawimbi ya sauti katika chupa, akaiacha usiku kucha, na asubuhi akatumia maji ya juu peke yake, akiyaacha chini madonge yaliyokataa kuachana. Mashine ilikuwa ile ile, na kasi ile ile ya mara 2,000. Katika wiki ya tano aliniletea kipande cha kioo akakiweka juu ya ukurasa wa muhtasari wake. Ukingoni palikuwa na unene kidogo, kama desturi ya tando za kuzungushwa. Katikati nilisoma maandishi ya chini yake bila ya kukaza macho, na katika mstari wa tatu nikaona kuwa amelifuta neno “niliyeyusha” akaandika “nilitawanya”.